Kila Kifaa Kipya Kina Mgongo Unaokibeba

Ukitaka kujua biashara ya vifaa vya kupandia milima inaelekea wapi, achana na matangazo. Nenda lango la Machame asubuhi, magari yanapowasili kutoka Moshi na Arusha, ukasimame jirani na mzani. Mizigo ya Kilimanjaro hupimwa hapo kabla haijakaa kichwani au mgongoni kwa mgumu. (Wapagazi ni jina la kwenye makaratasi. Mlimani wenyewe wanaitana wagumu, na jina limewakaa.) Kiwango ni kilo 20, ukiacha vitu vyake binafsi. Mzigo ukizidi, kitu kinapunguzwa na kuhamishiwa kwa mwenzake, au anaitwa kijana mwingine kutoka lile kundi linalosubiri nje ya lango likiomba Mungu mizigo ya leo izidi.

Zamani orodha ya vitu ilikuwa fupi na haikubadilika: mahema, majiko, mtungi wa gesi, trei za mayai, viazi, begi la mgeni. Leo mzani unapandishiwa viti vya alumini vyenye kishimo cha kuwekea kikombe, godoro la kujaza upepo, paneli ya sola, betri za kuchajia zenye uzito wa tofali, na choo cha kubeba kikiwa na hema lake. Mgeni mwenyewe anashuka garini na kibegi cha lita 25, chepesi mno, ambacho lebo yake inajisifu kwamba kitambaa kina uzito wa gramu kadhaa tu. Amelipia kila gramu iliyopunguzwa, na pesa yake ni halali. Lakini choo kile hakikupungua hata gramu moja. Kimebadilisha mgongo tu.

Hilo ndilo ninalolitazama kila ninaposikia kifaa kipya kimetoka. Watengenezaji huuliza kama kitu ni chepesi, kina kasi, kinazuia maji. Mimi naanza na swali la mzani: uzito wake umeondoka duniani, au umehamia kwa mtu ambaye hayumo kwenye picha ya tangazo?

Najua jibu litakalonijia kutoka Moshi kabla sijamaliza sentensi. Kiti cha ziada ni ajira ya ziada, na vijana wa nje ya lango hawakuja kuota jua. Ni hoja ya kweli, na siwezi kuipuuza nikiwa nimekaa mezani na kalamu. Inasimama, ila kwa sharti kwamba uzito wa ziada unaajiri mtu wa ziada. Wanaoufahamu mlima wanajua mchezo unaochezwa na baadhi ya waandaaji wa bei ya chini: mizigo inapita mzanini ikiwa na watu wa kutosha, kisha huko mbele, msituni, inaunganishwa, wawili watatu wanarudishwa nyumbani, na waliobaki wanamalizia safari na kilo ambazo hakuna mzani uliowahi kuziona. Ni kwa sababu ya mambo ya namna hiyo ndipo mradi wa kuwatetea wapagazi wa Kilimanjaro, unaofahamika kwa kifupi cha KPAP, ulipoanzishwa Moshi mwaka 2003. Moja ya kazi zake ni kuwaazima wagumu makoti, suruali na viatu vya baridi bila malipo. Yaani kwenye mlima ambako mgeni anabebewa kiti chenye kishimo cha kikombe, kumekuwa na haja ya ofisi ya kumwazima mbeba kiti koti.

Sasa, mtu asinielewe kwamba natetea ukale. Wako wapandaji, hasa wale wa miaka ya nyuma, ambao kila kipya kwao ni uhuni. Historia imewaaibisha mara nyingi. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na wanne wakaanguka hadi kufa. Kamba za enzi hizo zilisokotwa kwa nyuzi za mimea, jamaa za katani yetu ya Tanga. Nzuri kwa kufungia mashua na marobota, lakini hazina mnyumbuko wa kupokea kishindo cha mtu anayeanguka. Nailoni ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanguka kukaacha kuwa hukumu ya kifo. Yeyote aliyeikataa nailoni kwa kupenda mila alikuwa anakataa uhai wake.

Vivyo hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Ray Jardine alipouza kile kifaa cha springi kinachopanuka ndani ya ufa wa mwamba na kung'ang'ania chenyewe. Aliviita Friends. Wazee wa kazi walisema ni udanganyifu, kwamba mtu sasa ataweza kujikinga mahali ambapo zamani ilikuwa lazima awe na roho ngumu. Walikuwa sahihi kuhusu roho ngumu. Lakini kifaa hicho kilisaidia kuiacha misumari ya chuma iliyokuwa ikipigiliwa na kung'olewa hadi miamba ikabaki na makovu. Kilifanya kazi bila kumpelekea mtu mwingine gharama, na hata mwamba ulipumua. Kwa mzani wangu, kimefaulu.

Kuna pia ile hadithi ya Mlima Kenya ambayo wapenda ukale huisimulia kwa machozi. Januari 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza pale Nanyuki, walitoroka kwenda kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge kila siku. Nyundo walizigeuza shoka za barafu. Meno ya kuvaa viatuni waliyafua kutoka vyuma chakavu. Ramani yao mojawapo ilikuwa mchoro wa mlima kwenye lebo ya kopo la nyama. Wawili wao walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe wakafungiwa mahabusu. Ni hadithi tamu na sitaki kuichafua. Ila wasimuliaji huruka kipande kimoja: lengo lao lilikuwa Batian, kilele cha juu kabisa, mita 5,199, na Batian iliwashinda. Huko juu ni mwamba wa kukwea, na zana za kopo na nyundo zina mwisho wake. Anayesema "mbona wale walipanda bila kitu" hajasikiliza hadi mwisho.

Basi upya wenyewe hauna kosa. Shida yangu ni kifaa kinachouzwa kama jibu la swali ambalo kifaa hakiwezi kulijibu. Na kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki swali kuu ni moja, hewa.

Chukua karatasi. Njia ya Marangu, ile inayoitwa kwa utani njia ya Coca-Cola, ina vituo vitatu vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Kila usiku unapanda mita 1,000 kamili, kama ngazi iliyopimwa kwa rula. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Horombo hadi Kibo peke yake unakuwa umekula siku mbili kwa moja. Halafu saa sita usiku unaamshwa kwenda Uhuru, mita 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Tanga mjini. Safari ya siku tano imejengwa hivyo, na watu wanaendelea kuinunua.

Kinachowakosesha wengi kilele, na kinachowashusha wengine kwa machela, ni hesabu hiyo. Mwili unahitaji muda kubadilisha upumuaji na damu, na muda hauna duka. Njia ya Machame, pamoja na utelezi wake, inamlea mtu vizuri zaidi kwa sababu siku ya tatu inampeleka hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha inamrudisha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Hakuna kampuni iliyowahi kuisajili hataza ya jambo hilo, ndiyo maana hulioni kwenye matangazo.

Na bei? Kwa miaka sasa ada ya hifadhi kwa mgeni asiye wa Afrika Mashariki imekuwa dola 70 kwa siku na kambi dola 50, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukijumlisha kodi, unapita kidogo dola 140. Ongeza posho za wagumu, chakula, mwongozaji, bado siku moja ya ziada mlimani ni nafuu kuliko koti moja la mvua la chapa kubwa. Nimeona watu wenye koti la dola mia tano wakibishana na mwandaaji ili siku saba ziwe sita. Siwacheki sana. Koti unarudi nalo nyumbani, watu wanaliona. Siku ya kukaa tu ukizungukazunguka kambini, ukila supu ya tango na kumtazama kunguru wa shingo nyeupe, haipigiki picha ya maana.

Tamaa hiyo ya kununua muda ndiyo iliyoleta kituko cha Everest cha Mei 2025. Waingereza wanne waliondoka London na kufika kilele cha mita 8,849 katika muda usiofika siku tano, safari ambayo kwa kawaida inakula wiki nyingi. Siku kadhaa kabla, walikuwa wamevuta gesi ya zenoni katika kliniki moja Ujerumani. Mwandaaji wao, Lukas Furtenbach wa Austria, anaamini gesi hiyo inauchochea mwili kutengeneza kemikali ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Ulimwengu mzima ukaandika: zenoni! Januari mwaka huohuo kamisheni ya tiba ya shirikisho la kimataifa la vyama vya milima, UIAA, ilikuwa imeshasema hakuna ushahidi kwamba kuvuta zenoni kunaboresha uwezo wa mtu mlimani, na kwamba matumizi yasiyofaa yanaweza kuwa hatari. Katika michezo ya mashindano gesi hiyo ilipigwa marufuku tangu 2014.

Ukiifungua habari yenyewe unakuta mengine. Kwa wiki nyingi kabla ya safari, wale mabwana walikuwa wakilala nyumbani kwao ndani ya mahema yenye hewa hafifu, yaani walikuwa wanauzoea mwinuko wakiwa kitandani. Mlimani walitumia mitungi ya oksijeni kama wapandaji wengine. Kamba zilikuwa zimeshafungwa hadi juu na Masherpa, wagumu na waongozaji wa huko, na Masherpa walipanda pamoja nao. Sasa toa mahema, toa mitungi, toa kamba, toa Masherpa, ubaki na zenoni peke yake: nani angethubutu kuondoka kambi ya chini? Mahali penye sababu tano, iliyopata kichwa cha habari ni ile yenye jina geni na inayouzwa kwa chupa. Wale Masherpa hawakuvuta zenoni, na kilele walikifikia siku ileile.

Tuache Himalaya turudi kwetu, maana kuna kifaa kimoja kidogo ambacho kimeingia Kilimanjaro kwa kishindo na ninakiheshimu nusu tu. Ni kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Jioni kwenye hema la chakula mwongozaji anapita na daftari, kila mtu anatoa kidole, namba zinatajwa kwa sauti. Tisini na moja! Themanini na nne! Mwenye tisini na moja anajiona bingwa, mwenye themanini na nne halali usiku kwa hofu, na hofu yenyewe inampandisha mapigo ya moyo.

Kifaa hiki kinapitisha mwanga kwenye kidole na kukisia rangi ya damu. Kidole kikiwa na baridi, damu haifiki vizuri, namba inashuka bila ugonjwa. Rangi ya kucha inaivuruga. Na kuna jambo ambalo waongozaji wetu wanastahili kuambiwa wazi: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliripoti kwamba kwa wagonjwa weusi hospitalini, kipimo hiki kilishindwa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kinasoma juu kuliko hali halisi ngozi inapokuwa nyeusi. Fikiria mlima huu, ambako watu wengi walio juu yake kwa siku yoyote ile ni Wachaga, Wapare, Wameru na makabila mengine, sio Wazungu. Ingawa hilo la ngozi ni la wasiwasi wa nadharia kiasi fulani, maana mara nyingi kibanio kinaishia kwenye hema la wageni. Kwenye hema la jikoni hakifiki.

Kipimo cha zamani bado kinafanya kazi kwa kila ngozi. Mwambie mtu atembee mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi ilhali hajanywa, ubongo unaanza kuvimba na anashuka sasa hivi, usiku huuhuu, hata kama kibanio kinasema tisini. Msikilize akipumua ametulia: mapafu yakitoa mlio kama wa chungu kinachochemka, anashuka. Mwongozaji mzuri anajua haya tangu kabla betri hazijaja, na anajua pia dalili isiyo kwenye kitabu chochote: yule mropokaji wa gari zima akinyamaza, kuna jambo. Nina hofu kwamba namba, kwa kuwa ni namba, itamnyamazisha mwongozaji. Mgeni atasema mashine yangu inaonyesha niko sawa. Na ni mgeni ndiye anayetoa bakshishi.

Kuhusu mavazi niseme kwa ufupi, ingawa hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Mwaka 1969 Bob Gore alivuta ghafla kipande cha plastiki ile inayopakwa kwenye vikaango, kikageuka utando wenye vitundu vidogo mno, na kuanzia 1976 koti lisilopitisha maji lakini linalopitisha mvuke wa jasho likaingia sokoni. Uvumbuzi mkubwa, sibishi. Nenda nalo sasa kwenye msitu wa Machame siku ya kwanza, mvua ya masika, joto na unyevu kama wa bafu. Kitambaa cha nje kinalowa, mvuke hauna pa kwenda, na kufika kambini mwenye koti amelowa kwa ndani kiasi kilekile ambacho angelowa kwa nje. Pembeni yake anapita mgumu na mwavuli. Mwavuli! Hewa inapita pande zote, na mvua haimgusi kichwani. Juu ya msitu, penye upepo, mwavuli hauna kazi na koti linarudisha heshima yake.

Kinachonichosha ni kiburi. Kwa miongo mingi tuliambiwa kwamba makoti hayo hayawezi kutengenezwa bila zile kemikali za florini ambazo haziozi, zinazoitwa kemikali za milele. Kisha New York na California zikaanza kuzipiga marufuku kwenye mavazi kuanzia 2025, zikiyapa makoti ya mvua kali muda zaidi, na Ufaransa ikafuata 2026. Ghafla inawezekana! Na koti lisilo na kemikali hizo sasa ni toleo jipya, lenye lebo ya kijani, na wewe uliyenunua la zamani kwa ushauri wao unashauriwa ununue tena.

Upande wa pili wa shilingi ni viatu, na hapa nawasema wenzangu wabishi. Kuna mtu anayejivunia buti alilonunua miaka kumi na tano iliyopita, akalivaa mara mbili, akalitunza kabatini kama hati ya kiwanja. Soli nyingi za buti zina tabaka la povu la poliuretani, na povu hilo linaliwa na unyevu wa hewa polepole, liwe limevaliwa au limekaa tu. Anafika karibu na Barranco, soli inabaki kwenye matope, mguu unaendelea na safari. Waongozaji hubeba gundi na kamba kwa ajili ya buti za namna hiyo. Kabla ya kuja, likunje kwa nguvu na ubonyeze povu kwa kidole gumba. Likitoa ufa au unga, kaazime viatu Moshi.

Kwa hayo mambo makubwa, yaani intaneti iliyofikishwa Horombo na shirika la simu la TTCL Agosti 2022, na ule mpango wa magari ya kuning'inia kwenye waya uliotangazwa 2019, watu wamebishana vya kutosha. La kwanza mimi naliunga mkono, kwa sababu mwongozaji aliye na mgonjwa mita 3,720 akipata mtandao anaomba msaada mapema, na msaada ukiwahi, wagumu hawakimbii na machela usiku kucha. Kwamba mtandao huohuo unatumika zaidi kurusha video za kucheza ni bei ninayoweza kuilipa. La pili linarudi kwenye hesabu ya hewa: gari la waya linampandisha mtu haraka kuliko damu yake.

Tarehe 22 Februari 2006, Mtanzania Simon Mtuy alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe, akagusa kilele na kushuka hadi chini, kwa saa tisa na dakika kama ishirini. Wako waliokuja baadaye na muda mfupi zaidi: Kilian Jornet wa Hispania mwaka 2010, kisha Karl Egloff wa Ecuador mwaka 2014 kwa saa 6 na dakika 42. Nawavulia kofia wote. Ila ninachokipenda kwenye saa za Mtuy ni masharti aliyojiwekea, maji yake, chakula chake na nguo zake alibeba mwenyewe tangu chini. Kwake kila gramu iliyopunguzwa ilipungua kweli. Na alikuwa mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye miteremko hiyo, akaingia mlimani kwa kubeba mizigo ya wengine kabla ya kuwa mwongozaji. Wanaosoma saa zake na kwenda kununua viatu vya aina yake wameruka hiyo miaka.

Safari ya Machame huishia lango la Mweka. Hapo wageni wakishapewa vyeti hufungua mabegi na kugawa: glavu, soksi, taa ya kichwani, fimbo iliyopinda, na buti. Buti zinakuwa zimepanda mlima mmoja, kwa siku saba, na mwenye nazo ameshasoma kwamba toleo jipya limetoka lenye kisigino kilichoboreshwa. Mgumu anazipima kwa macho, anazifunga kamba kwa kamba na kuzitundika shingoni. Zikiwa kubwa anaongeza soksi. Wiki mbili baadaye zinapanda tena, na mwezi unaofuata, na msimu wote wa Juni hadi Oktoba, zikiwa chini ya kilo 20. Soli ikichoka anampelekea fundi viatu mjini Moshi, fundi anakata ya tairi, anaishona kwa uzi mnene kuzunguka ukingo, shilingi elfu chache. Nilimuona mmoja kwenye ngazi za mawe chini ya Barafu, buti ya kulia chapa moja, ya kushoto chapa nyingine, zote zimeshonewa tairi la gari moja, na kichwani viti vinne vya alumini.